Keki Iliyopanda Treni Mbili

Pale Kibaoni ukiulizia kwa Mama Evelina, hakuna atakayekunyooshea kidole. Watakwambia usikilize nyundo. Ukisikia bati linapigwa huku mtu akilisema kama mtoto mkaidi, umefika.

Jina lake ni Agnella. Anatengeneza majiko ya mkaa, makarai na trei za kuokea keki, na hivyo ndivyo vilivyomsomeshea binti yake tangu mumewe alipofariki. Lakini majiko hayajawahi kumfanya mtu aamke anacheka peke yake. Kinachomchekesha Agnella asubuhi ni treni.

Usije ukafikiria yale magari ya makopo yenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Hayo alikuwa anayadharau hata akiwa mtoto. Baba yake, mzee Dionisi, alibeba mataruma begani wakati reli ya TAZARA inajengwa kukatiza bonde hili, na baadaye alimfundisha binti yake kukata bati. Alimwambia neno moja ambalo Agnella hakulisahau: "Kilichokosewa kipimo ni cha kuchezea. Kikipata kipimo ni treni kamili, ila iko mbali."

Basi Agnella akashika kipimo. Kila kitu anakigawa kwa kumi. Mlango anaopita mtu mzima kwa kusimama, kwake unakuwa wa urefu wa kiganja na vidole. Upana wa reli aliupima mwenyewe kwa futi pale kwenye kivuko, amepiga magoti kwenye kokoto, bodaboda wanampigia honi: mita moja na sentimeta sita na pointi saba. Gawa kwa kumi. Hiyo namba anaijua kuliko namba yake ya simu, na simu yenyewe amebadilisha laini mara tatu.

"Agnella," majirani humtania, "hiyo treni yako itafika lini Dar?"

"Itafika siku utakayomaliza kupiga lipu nyumba yako."

Na hakuwa mtu wa kuridhika na aliyonayo. Aliwahi kuonyeshwa kwenye simu ile treni mpya ya umeme, mdomo umechongoka kama wa kuku anayetaka kudonoa, na tangu siku hiyo hakutulia. Alihesabu kwa kidole hewani: reli yake ni pana, ikigawanywa kwa kumi inapita sentimeta kumi na nne. Mabehewa yake ni marefu, hayataweza kukata kona ya banda la kuku. Akalitazama banda la kuku kwa jicho baya. Kuku nao, nadhani, walielewa.

Sasa, Evelina akapata mchumba. Kijana anaitwa Steven, fundi wa pampu za maji, mtulivu, mtoto wa Nkwabi na Nyamizi, Wasukuma wa kule ng'ambo ya mto Lumemo waliokuja na ng'ombe wao miaka ishirini iliyopita wakabaki. Agnella alimpenda kijana tangu siku ya kwanza, maana alipoingia uani hakuuliza "hiki ni nini?" Aliuliza, "Mama, hii inavuta mabehewa mangapi?" Mengine yote yalikuwa ni utaratibu tu.

Ikaundwa kamati ya harusi, na mwenyekiti akawa bwana Polycarp, mwenye spika kubwa kuliko zote mtaani Lipangalala na sauti isiyohitaji spika. Kikao cha tatu wakafika kwenye kipengele cha keki. Mnajua kawaida: bibi harusi anapeleka keki ya wakwe, anapiga magoti mbele yao, anawalisha, kina mama wanapiga vigelegele mpaka masikio yanaziba. Polycarp alitaka keki hiyo ipelekwe na vijana wacheza shoo waliovaa miwani ya jua ndani ya ukumbi.

"Keki ya wakwe wangu itakwenda kwa treni," Agnella akasema.

Kamati ikacheka, na ikacheka kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Dada Agnella," Polycarp akasema akijifuta macho, "hilo bati lako libebe keki ya ngazi tatu?"

"Limebeba tofali. Keki yako ina saruji?"

"Tofali likianguka linaokotwa. Keki ikianguka mbele ya wakwe, binti yako ataishi vipi pale? Kila akiunguza mboga watasema, si yule aliyetuletea keki ya kwenye vumbi?"

Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu lilikuwa neno la kweli. Agnella naye alilisikia likimwingia. Lakini mdomo wake ulikuwa umeshaondoka stesheni.

"Nisikilizeni. Keki ile ikigusa sakafu, sikati tena bati la treni maisha yangu yote. Nitabaki na majiko. Na zile nilizonazo bwana Polycarp atakuja azipigilie bapa mwenyewe, aezekee banda la mbuzi."

"Mmesikia," Polycarp akawaambia wajumbe. Wajumbe walikuwa wamesikia.

Mshenga alikuwa Theodori, mtu mwenye baiskeli nzuri na haraka nyingi. Akatumwa ng'ambo ya Lumemo kuwaeleza wakwe habari ya treni, wasije wakadhani wanafanyiwa mzaha. Alirudi amejaa vumbi na ujumbe.

"Baba Steven anasema hawezi kukaa mezani apelekewe tu kama mgonjwa. Kichwa na reli viwe vyenu, behewa litakuwa lao. Analichonga mwenyewe. Na litaletwa limefunikwa, litafunuliwa ukumbini, maana zawadi ya wakwe haikaguliwi."

Agnella alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. "Anajua kipimo?"

"Nimemwambia kila kitu kwa kumi. Akanicheka. Amesema ujana wake wote alikuwa anapakia ng'ombe kwenye treni pale Malampaka, kule kwao Usukumani, anaijua reli kuliko mimi ninavyomjua mke wangu."

"Hiyo siyo sifa kubwa, Theodori," Agnella akasema, lakini moyo ulikuwa umetulia. Mtu wa kugawa kwa kumi ni mtu wa kuaminika. Hakuna aliyeuliza jambo jingine.

Siku ya harusi, misa iliisha mapema na watu wakaelekea ukumbini Lipangalala mchana kweupe. Reli ilikuwa imeshalala katikati ya ukumbi, kutoka meza ya bibi harusi hadi meza ya wakwe, vyuma viwili vimepigiliwa juu ya mataruma ya mti, vinang'aa. Mwanzoni mwa reli kilisimama kichwa cha treni, urefu wake toka pua hadi mkia ukimpita mtoto wa darasa la kwanza, rangi bado inanuka. Tumboni kilikuwa na betri ya pikipiki na mota iliyokuwa zamani inasukuma waipa za basi. Wageni walikuwa wanakiinamia na kukipiga picha kabla hata ya kumsalimia bibi harusi. Agnella alivaa gauni la kitenge alilolipigia pasi mara mbili, na mfukoni, kwa sababu alijijua, aliweka koleo na futi.

Wakwe wakaingia na ngoma yao, Nyamizi mbele, mwanamke mrefu wa kucheka kwa bega, na nyuma yake wanaume wanne wamebeba kitu kilichofunikwa kwa shuka jeupe.

"Shikamooni wakwe," Agnella aliwalaki, akiwakumbatia huku jicho liko kwenye shuka. "Mama Steven, nichungulie kidogo tu. Upande mmoja."

"Mayu, mama yangu, hata mimba haichunguliwi hivyo," Nyamizi akajibu. "Subiri izaliwe."

Ikazaliwa wakati wa chakula. Mshereheshaji alipotangaza pilau, watu wote wakageukia foleni, na Nyamizi akavuta shuka.

Agnella aliweka mkono mdomoni. Lilikuwa behewa la ng'ombe la mninga, fito zake zimepangwa na kupigwa msasa mpaka zinateleza, mlango unafunguka kwa bawaba, magurudumu ya chuma ya kuchongesha kwa fundi. Kipimo chake kilikuwa safi, kila fito kwa kumi. Na ndani walisimama ng'ombe wa udongo aliowafinyanga Nyamizi, ila hao kipimo hawakukijua kabisa. Mmoja, dume jekundu, alikuwa mkubwa kiasi kwamba alisimama mkiani, pale pasipo na paa, pembe zake zikitokea nje pande zote mbili za behewa.

"Huyu mbona hivi?" Agnella akauliza.

"Huyu tunamheshimu," Nyamizi akasema.

Agnella akacheka mpaka akashika meza. Kisha wakaliinua pamoja yeye na Nkwabi, wakaliweka juu ya reli. Upande wa kulia ukakaa. Upande wa kushoto ukatumbukia ndani, kokro, behewa likalala ubavu na dume jekundu likatazama dari.

Wakaliinua tena. Wakalisogeza, likatumbukia tena.

"Reli yako imepanuka," Nkwabi akasema kwa upole.

"Behewa lako limekonda, baba Steven."

"Mimi nimepima. Sentimeta kumi kamili. Reli ni mita moja, mkwe. Toka Mwanza mpaka Dar ni mita moja, nimelala juu yake nikiwa kijana."

Agnella akatoa futi mfukoni, akapima reli yake, akapima behewa la Nkwabi. Tofauti ilikuwa unene wa penseli. Akakaa chini kwenye sakafu, na gauni lake la pasi mbili, akaelewa.

"Hiyo ni reli ya kwenu. Reli ya kati. Hii ya kwetu ni TAZARA, ni pana zaidi. Baba Steven, umekaa hapa miaka ishirini, unavuka ile reli kila wiki."

"Navuka na ng'ombe," Nkwabi akajibu. "Mtu anayevuka reli na ng'ombe hapimi, anakimbia."

Walitazamana. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana hapakuwa na mtu wa kugombezwa. Upande wa pili wa ukumbi Polycarp alikuwa anakuja na sahani, anatafuna, macho kwenye reli. Evelina kwenye kiti chake cha maua alikuwa ameshaona uso wa mama yake, naye akaacha kula. Agnella aliwaza treni zake uani, zimepangwa chini ya turubai, na banda la mbuzi la Polycarp lisilo na paa.

"Tuache," Nyamizi akasema taratibu. "Tuibebe mikononi. Hatutachukia, mayu."

"Nikiibeba mikononi kamati itaimba mpaka Pasaka." Agnella akajikuna kichwa kwa koleo. Na hapo hapo, kwa namna akili yake ilivyozoea kufanya mambo wakati usiofaa, ikaenda zake Kidatu. Zile reli mbili zinakutana pale, hii pana na ile nyembamba, pua kwa pua, na treni ya huku haiwezi kupanda kule hata uiombee. Baba yake alimsimulia walivyofanya: treni inakuja mpaka inaishia, mzigo unahamishwa, unaendelea na treni nyingine.

Akaanza kucheka. Nkwabi akadhani mkwe wake amechanganyikiwa.

"Baba Steven, vua koti."

"Nivue?"

"Nusu ya ukumbi ni kwetu, nusu ni kwenu. Nusu yenu tunaisogeza ndani kwa unene wa penseli. Haraka, watu wakiwa na pilau mdomoni hawaulizi maswali."

Basi ndivyo mama wa bibi harusi na baba wa bwana harusi walivyopiga magoti sakafuni bega kwa bega, Agnella anang'oa misumari kwa koleo, Nkwabi anapigilia kwa kisigino cha kiatu, maana nyundo ilikuwa imebaki Kibaoni. Nyamizi alisimama mbele yao amelitandaza shuka kama anayelikausha. Steven, bwana harusi, akaja na suti yake nyeupe kuuliza kuna nini, akapewa kazi ya kushika penseli. Ndiyo, walitumia penseli yenyewe, ya mtunza zawadi, wakiipitisha kati ya chuma na alama ya zamani, taruma baada ya taruma.

Polycarp akafika. "Mama Evelina, mbona reli yako inakonda kuanzia hapa?"

"Imeambiwa na daktari ipunguze. Na wewe punguza nyama, mwenyekiti."

Chini ya meza lilikuwepo behewa moja la Agnella, la bati tupu, lile la kufanyia majaribio, bado lina vumbi la tofali. Akalifuta kwa upindo wa gauni, akalitandikia kitambaa cha meza, akalifunga nyuma ya kichwa chake. Keki ikapandishwa: ngazi tatu, nyeupe, maua ya waridi kileleni. Behewa la mninga likawekwa kule kwenye reli nyembamba, na safari hii magurudumu yote manne yakakaa, tii, kama yaliyozaliwa pale.

"Nani atalivuta?" Nkwabi akanong'ona. "Halina kichwa."

"Wewe umeswaga ng'ombe kutoka Shinyanga hadi hapa, unaniuliza mimi?"

Nkwabi akafikiri, akamwambia mtu amletee kamba.

Mshereheshaji alitangaza keki. Muziki ukakatwa. Agnella akagusanisha waya.

Kichwa kilitetemeka, kikakohoa, kikaondoka. Jamani. Ukumbi mzima ulisimama. Kilikwenda kwa mwendo wa bibi harusi, mota inanung'unika, keki inatikisa waridi zake kwa madaha, na kina mama wakashindwa kusubiri wakaanza vigelegele kabla ya wakati. Evelina alitembea pembeni yake ameshika gauni, analia na kucheka. Agnella alitembea upande wa pili, ameinama, viganja viwili chini ya keki bila kuigusa, kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Katikati ya ukumbi Agnella akaachanisha waya. Treni ikasimama pale pale reli ilipobadilika.

"Imezimika," Polycarp akasema kwa sauti yake isiyohitaji spika.

"Imefika Kidatu," Agnella akamjibu. "Abiria wanashuka."

Wale wazee waliowahi kufanya kazi reli walielewa kwanza, wakapiga meza. Kicheko kikatembea meza kwa meza. Nyamizi akatoka upande wa pili akicheza, akaja mpaka kwenye mpaka wa reli, wanawake wa pande zote mbili wakawazunguka. Agnella akashika trei upande huu, Nyamizi upande ule. Trei ilikuwa ni ya Agnella mwenyewe, aliikunja kingo zake kwa mikono yake. Wakainua. Ngoma ya Wasukuma ikaanza bila kuambiwa. Keki ikaenda hewani, ikavuka, ikashuka juu ya behewa la mninga. Kwa sababu ya zile pembe ilibidi waizungushe kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichoponza. Pembe moja ya dume jekundu ilichota upande wa keki, dume likapinduka, likadondoka mpaka sakafuni, puu, na pembe yake imejaa krimu.

Ngoma ikakatika.

"Imegusa," Polycarp akasema. Akanyoosha kidole. "Ile ni krimu, na krimu ni keki. Kamati imeona."

Agnella aliitazama ile krimu na akaona treni zake zote zimelala bapa juu ya mbuzi.

Nyamizi akainama polepole. Akamwokota dume, akamwangalia kwato, mkia, akaona mzima. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Baba, huyu ni ng'ombe wa nani?"

"Wa kwenu, mama."

"Ni wa wakwe. Na keki ni ya nani?"

"Ya wakwe."

"Basi mkwe ameshakula sehemu yake." Akalamba krimu kwenye pembe, akafumba macho, akaionja. "Tamu. Kilicholiwa kimeanguka vipi?"

Polycarp alifungua mdomo, na kabla hajautumia ukumbi ulikuwa umelipuka, hata wajumbe wake walikuwa wanapigana mabega. Nkwabi akafunga kamba kwenye behewa, akapiga mluzi ule wa machungani, mrefu, unaopanda mwishoni, na behewa likaja. Aliliita kwa jina la dume lake la nyumbani, akaliswaga, akalisifia miguu, na keki ikaingia kwa wakwe ikisindikizwa kama kundi linalorudi jioni. Evelina akapiga magoti. Nyamizi alimlisha dume jekundu kwanza.

Baadaye, watu wakiwa kwenye kucheza, Polycarp alimfuata Agnella akiwa ameshika soda mbili.

"Dada Agnella. Yule binti yangu wa pili, si unamjua? Huenda mwakani." Akakohoa. "Ile ya umeme, yenye mdomo. Inawezekana?"

Agnella alichukua soda, akanywa nusu bila haraka, amwache aive kidogo.

"Inawezekana. Mwambie mchumba asiwe na pupa, banda la kuku bado halijahama."

Jumatatu asubuhi nyundo ilisikika Kibaoni mapema kuliko kawaida, na kuku walikuwa wamesimama nje wakishangaa nyumba yao inavyong'olewa. Agnella alikuwa amepiga goti juu ya bati jipya, ameshika mkasi, midomo imebana misumari, anacheka peke yake. Lango likagongwa. Alikuwa Nkwabi, ametoka ng'ambo ya Lumemo na ubao wa mninga begani na futi mpya shingoni kama skafu.

"Shikamoo ya kazi, mkwe," alisema, akiushusha ubao. "Nimekuja kwa hiyo ya umeme. Ila safari hii kabla sijakata, niambie ni reli gani."